Mabati ya Nyar Italia

Kama umewahi kupita Otonglo ukielekea Busia, umepita karibu na boma la marehemu Mzee Ondiek, na pengine hukuliona kwa kuwa halina cha kuonekana. Cha kuonekana kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, ndani ya banda, chini ya mabati mapya yanayong'aa. Gari la Kiitaliano, Alfa Romeo ya mwaka wa sitini na nne, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikuwa na turubai la kukunja, lakini panya walishalimaliza zamani. Watu wa pale hawakuliita Alfa. Waliliita Nyar Italia, binti wa Italia, vile mwanamke aliyeolewa anavyoitwa kwa jina la kwao.

Mwanamke aliyeolewa kweli katika boma hilo ni Dorca, Nyar Sakwa, mke wa Dishon, naye Dishon ndiye mtoto wa kwanza wa Mzee. Dorca ana ulimi, tusidanganyane. Mgeni akifika alikuwa akimwambia, "Karibu, karibu. Mke mkubwa yuko bandani, mimi ndiye mdogo. Yeye amewekewa mabati mapya, mimi nina haya unayoyaona." Mgeni anacheka. Dishon alikuwa hacheki.

Gari hilo Mzee aliachiwa na Mwitalia mmoja injinia wa barabara, ambaye Mzee alikuwa dereva wake. Kazi ilipokwisha, Mwitalia akamkabidhi ufunguo, akalia, Mzee naye akalia, basi, gari likawa la Otonglo. Dorca mwenyewe aliletwa nalo siku ya harusi, kutoka Sakwa mpaka hapa, upepo ukamchukua kitambaa cha kichwa na hakikuonekana tena hadi leo. Alifika na vumbi mpaka kwenye kope, anacheka, na mama mkwe hakumjua uso mpaka alipopewa maji akanawa. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba Dorca alilichukia lile gari tangu mwanzo. Alilipenda kabla ya kuwa mke mwenzake.

Sasa, kwa wewe usiyetoka huku, nikueleze jambo moja, maana bila hilo utawaona hawa watu ni wajinga. Kwa Waluo, kijana akioa huanzia kwenye simba, kijumba kidogo karibu na lango la baba yake. Simba si nyumba ya kuzeekea. Inafika siku anatoka na mke wake, alfajiri, na jogoo, na shoka, na moto, wanakwenda kuanzisha boma lao. Baba ndiye anayetangulia. Na mkubwa hutoka kwanza. Mdogo hamruki kaka yake, hata awe na hela za kujenga ghorofa.

Mzee Ondiek alipokuwa amelala kitandani, maradhi yamemshika, aliwaita ndugu zake wakaketi, akasema mbele yao wote: "Dishon nitampeleka mimi mwenyewe, kwa gari yangu. Na nikiwa nimeondoka, hiyo gari isimame mahali pangu. Itangulie." Nani angebisha? Mgonjwa habishiwi. Wakasema ndiyo. Wiki haikuisha, Mzee akafa. Na gari lenyewe wakati huo lilikuwa limekufa kabla yake, injini imeshikana, vipuri havipatikani Kisumu wala Nairobi.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Dishon ni fundi wa bodi, ana gereji upande wa Kibuye. Lete gari lililobingirika Ahero, atalinyoosha mpaka mwenyewe usijue liliumia wapi. Lakini lile Nyar Italia Dishon alikataa kuligusa ovyo. Alitaka vipuri vyake halisi. Alitaka siku hiyo baba yake atangulie kwa moyo wake mwenyewe na sauti yake mwenyewe, ile sauti aliyokuwa akiisikia mbali utotoni na kukimbilia langoni. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Aliwahi kumuuliza Mzee Okinyi, mdogo wa baba yake, kama gari linaweza kusukumwa tu mpaka kiwanjani, yaishe. Okinyi akamtazama juu mpaka chini. "Baba yako ulimwona lini akisukumwa? Baba anayempeleka mtoto huenda kwa nguvu zake."

Basi wakabaki kwenye simba. Watoto wakazaliwa humo, wakasoma, wakaenda zao. Mabati ya simba yakala kutu, yakaanza kuvuja, na Dorca akiomba yabadilishwe, Dishon anajibu, "Tubadilishe ya nini, na sisi tunahama?" Ukisikia neno hilo mwaka mmoja utalivumilia. Halafu siku moja akaja na pikipiki mbili zimebeba mabati mapya. Dorca akatoka mbio, akawapa vijana maji ya kunywa, akawaonyesha mahali pa kuegemeza. Dishon akasema kwa sauti ndogo, "Haya ni ya banda. Kutu itamaliza gari." Dorca alirudi ndani akasogeza sufuria mahali palipovuja, na kuanzia siku hiyo ndipo mzaha wa mke mkubwa ulipoanza.

Mwaka huu mambo yakakaza. Dorca alianza kuvimba miguu, akipanda hata kile kilima kidogo cha kwenda kisimani anasimama mara tatu. Hospitalini wakasema moyo umepanuka. Wakampa dawa, wakamwambia asibebe vizito na akae mahali pakavu. Mahali pakavu! Kulala chali hakuwezi tena, pumzi inakata. Analala ameketi, ameegemezwa mito. Pembeni majirani wakanong'ona kwamba hiyo ni chira, laana ya watu waliozeekea kwenye simba. Dishon aliyasikia. Yeye ni mtu wa kanisa, akajiambia hayo ni maneno ya kishenzi, na usiku ule ule hakulala.

Okello, mdogo wake, akaja Jumapili moja amevaa hasira. Anapanga chumba kimoja mtaani Manyatta na watoto wanne, na shamba lake liko pale pale linaota magugu. "Kaka," alisema, hata chai hakungoja, "watoto wangu wamekua wanalala chini ya meza. Niambie tu ukweli. Nasubiri nini? Nasubiri kabureta?"

"Unasubiri neno la Baba."

"Baba hangetaka hivi."

"Wewe ulikuwa umeketi naye akisema?"

Okello alikuwa hayupo siku ile, na hilo linamuuma mpaka leo. Akaondoka bila kuaga mama yake.

Ikawa kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi, nyasi anaziona, mdomo haufiki. Dishon akitazama huku anamwona mkewe, akitazama kule anamwona baba yake, na ndugu yake amesimama katikati na watoto. Ndipo Mungu, au shetani, mimi sijui, akamleta Mathews.

Bwana Mathews alitoka Nairobi kuhudhuria mazishi, gari lake likagongwa ubavuni, akalileta kwenye gereji ya Dishon. Ni mtu wa magari ya kale. Ndiyo kazi yake na ndiyo ulevi wake. Habari za Nyar Italia akazipata kwa mafundi, na kabla ya jua kuzama alikuwa amepiga magoti bandani na suruali yake ya bei, anafuta kutu kwa kidole, anasoma namba za chasisi.

"Mzee, unajua hiki ni kitu gani? Nchi hii sijaona kingine. Sijaona!"

Akamweleza. Atalichukua kwa lori mpaka gereji yake. Vipuri vitaagizwa Italia kwenyewe. Litafunguliwa lote, lisafishwe, lirudishiwe kila kitu chake. Yeye hataki malipo. Anachotaka ni kulionyesha msimu mmoja kwenye maonyesho, halafu lirudi Otonglo.

"Na litanguruma kwa sauti yake?" Dishon aliuliza.

"Sauti yake mwenyewe, kama siku lilipotoka kiwandani."

Dishon aligeuka akajifanya anatazama mlango wa banda. Maisha yake yote alikuwa akiomba mtu aje aseme maneno hayo.

"Itachukua muda gani?"

"Miaka miwili. Tukikimbizana sana, miwili. Na usije ukamruhusu fundi yeyote wa huku kulikata. Likikatwa, limekwisha. Linabaki chuma cha kupima kwa kilo."

Dorca alikuwa ameleta chai, amesimama hapo na trei, anapumua kwa mdomo. "Bwana Mathews," akasema, "huko Nairobi mnauza pia hiyo miaka miwili? Niletee basi, kwa sababu mimi hapa sina."

Mathews akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akanywa chai yake, akasema atapiga simu mwisho wa mwezi apate jibu.

Jioni hiyo Dorca hakuzungusha maneno. "Nikifa kabla, mtanizika wapi?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mtanizika hapa kando ya simba, kwenye boma la mkwe wangu, kama mgeni aliyepita akashikwa na ugonjwa. Na wewe huwezi kuanzisha boma bila mke, kwa hiyo utaoa kwanza. Mwanamke mwingine atabeba moto wangu. Mimi sililii gari, Dishon. Namlilia huyo mwanamke, anakuja kukuta kila kitu kimeiva."

Dishon alimpenda Dorca, hilo nakwambia wazi. Lakini alimpenda na baba yake, na baba alikuwa amebaki kwenye kile chuma peke yake. Na kulikuwa na jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu: mwanamume akishatoka kwenda bomani kwake, harudi tena kulala kwa baba yake. Ndiyo mwisho. Yeye, mtu mzima mwenye mvi, aliogopa mwisho huo kama mtoto anayepelekwa bweni.

Akaenda Kaloleni kwa Hemedi, fundi wa injini, rafiki yake tangu ujana. Hemedi akaja, akafunua boneti, akakuna ndevu.

"Nikuwekee injini ya Hiace na gia zake. Wiki mbili, tatu, unatembea."

"Hiace? Ile ya matatu?"

"Kwani matatu haitembei? Lakini, wallahi, hapa haitaingia vile ilivyo. Lazima ukate hapa, na hapa, na boneti itobolewe, haitafunga."

"Yaani nimwekee baba yangu moyo wa matatu."

"Mimi fundi, Dishon. Mambo ya baba yako kawaulize wazee wako."

Akawauliza. Mzee Okinyi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajipiga kofi nyongani. "Mimi humu ndani nimewekewa chuma hospitalini. Sasa niambie, mimi si Okinyi? Nilikuja hapa nikisukumwa?"

Kwa hiyo wazee walifungua njia, na bado Dishon hakupita. Angelisubiri la Nairobi, baba angetangulia kwa heshima, lakini nani angefuata nyuma? Angelikata, angekuwa amekiua kwa mkono wake kitu ambacho hakuna kingine nchi nzima, yeye fundi, anayejua chuma kizuri akikiona. Siku zikapita. Gerejini akawa anagombana na wateja. Grinda ya kukatia chuma ilikuwa imelala bandani karibu na gurudumu, na kila asubuhi aliiruka kama mtu anayeruka nyoka.

Alasiri moja mvua ikashuka kutoka milima ya Nandi, ile isiyobisha hodi. Dishon alikuwa njiani kurudi; alifika amelowa chapachapa. Simba ilikuwa wazi, masufuria yamejaa yanafurika, godoro limekunjwa limewekwa juu ya meza. Dorca hayumo. Akaita. Akazunguka kwa mama yake, hayupo. Moyo ukamwenda mbio, akakimbilia bandani.

Alimkuta ndani ya Nyar Italia, kwenye kiti cha abiria, kile kile alichokalia siku ya harusi. Amejifunika leso, miguu iliyovimba ameinyoosha mbele, kichwa kimeegemea upande. Kiti kile kimeinama kidogo nyuma, na kwa pumzi yake ndicho kilichomfaa. Juu mabati mapya yalikuwa yanapiga kelele, wala tone halipiti. Amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kama mtu ambaye hajalala mwezi mzima.

Mke wangu amekuja kuomba mahali pa kulala kwa mke mwenzake, Dishon akawaza, na safari hii haukuwa mzaha. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alisimama hapo mpaka mvua ikakatika, hakumwamsha.

Kesho yake alimpigia Hemedi. "Lete hiyo Hiace."

Alikata mwenyewe, hakutaka mkono mwingine. Cheche zilimrukia kifuani na machozi yalimtoka, na Hemedi kwa adabu akasema moshi wa rangi ya zamani unawasha macho kweli kweli. Mathews alipopiga simu, Dishon alimwambia neno moja, "Nimekata." Mathews akasema, "Pole, mzee," akakata simu. Afadhali angetukana.

Siku ya kutoka ilikuwa Alhamisi, kabla jua halijachomoza. Mtoto hawezi kumwendesha baba yake, kwa hiyo usukani alishika Hemedi. Aligeuza ufunguo na injini ikanguruma, na ilikuwa sauti ya matatu, hakuna wa kudanganywa Otonglo nzima. Vijana wa stendi waliokuja kutazama wakashindwa kujizuia. Mmoja akapaza sauti kama kondakta, "Kisian! Kisian! Wawili twende!" Watu wakavunjika mbavu. Dishon alitamani ardhi ipasuke. Halafu akamsikia Dorca nyuma yake anacheka, kile kicheko cha siku ya vumbi, na akajikuta anacheka yeye pia, machozi bado machoni.

Gari likatoka langoni. Mzee Okinyi alitembea kando yake, mkono juu ya mlango. Nyuma akaja Dishon na shoka, kijana wao mkubwa na jogoo, na Dorca na moto kwenye chungu. Si mbali, ni kuvuka barabara na kupita mihogo ya watu, lakini Dorca alisimama mara nyingi, na kila aliposimama Hemedi alikanyaga breki. Baba mkwe akamsubiri.

Boma huanzishwa na nyumba husimama siku hiyo hiyo. Okello alifika na vijana wake kutoka Manyatta, akachimba mashimo kwa bidii kuliko wote, na utajua mwenyewe kwa nini. Kuta zikapigwa udongo. Ilipofika zamu ya paa, wakauliza mabati yako wapi. Dishon akachukua nyundo, akarudi bomani kwa baba yake, akapanda juu ya banda, akang'oa misumari mmoja mmoja. Mabati yakavuka barabara mgongoni mwa vijana. Dorca aliyaona yanakuja, akaketi chini kwenye rundo la mchanga, akafunika uso kwa leso.

Jioni wingu likasimama upande wa Nandi. Dishon akataka gari liingizwe ndani ya lango, liegeshwe ukutani. Mzee Okinyi akanyoosha fimbo. "Hapana. Hiyo ni baba yako. Baba halali kwa mtoto wake. Atalala nje ya lango." Na kurudi nalo kule ya nini, banda limebaki miti mitupu? Wakalifunika kwa karatasi ya nailoni, wakaweka mawe. Watu wakaaga. Moto ukawashwa, mume na mke wakaingia, na siku ya kwanza ukishaingia hutoki nje ya lango mpaka kuche.

Walikuwa bado wanakula mvua ilipoanza. Ndani hakuna tone. Dorca aliinua uso, akatazama juu muda mrefu, kijiko mkononi. Nje upepo ukaishika ile nailoni. Ikapigapiga, ikapiga kwa nguvu, kisha kimya, na badala yake ikasikika mvua inapiga chuma na viti, inajaa mahali ambapo hapakuwahi kujaa maji. Dishon akaweka sahani chini. Akasimama. Akafika mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Baba analowa," alisema.

"Analowa," Dorca akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Keti. Mimi nimelowa tangu uniweke kwenye ile simba, na hukuamka hata siku moja."

Dishon alisimama na mkono kwenye komeo. Nje mvua ilizidi. Baadaye alirudi, akapanga mito nyuma ya mgongo wa mkewe kama anavyotaka, mmoja chini na miwili juu, akaketi kando yake kwenye udongo mbichi. Dorca alilala kabla yake. Yeye alikaa macho, akisikiliza mabati.